Kukosa ajira: kutoka Nguvu Kazi hadi theluthi ya mshahara

Samahanini kwa ukimya, wasomaji wangu. Nilikuwa nakimbizana na fomu, na anayejua kukimbizana na fomu ameshanisamehe. Naandika nikiwa nyumbani Tunduma, malori yamejipanga kuelekea Mpemba kama kawaida yake, na baba mdogo ameketi barazani akinisubiri nimweleze kitu ambacho mimi mwenyewe nimekielewa juzi tu.

Baba mdogo alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo hapa mpakani. Kazi ilipokwisha mwaka 2004 alikaa miezi kadhaa, akaenda kwenye mfuko, akachukua michango yake yote kwa mkupuo. Alinunua kiwanja na mabati. Ndiyo nyumba ninayolala. Hilo tuliliita fao la kujitoa, na kwa watu wa rika lake ndilo hasa lililokuwa bima ya kukosa ajira, ingawa halikuandikwa hivyo popote.

Tuanzie mbali kidogo. Taifa hili halikuwahi kumwonea huruma sana mtu asiye na kazi. Mkoloni alimwita mhuni na kumrudisha kijijini kwao. Baada ya uhuru, mwaka 1964, ikaundwa NPF, yaani mfuko wa akiba: mwajiri anakata, serikali inatunza, wewe unakuja kuchukua fungu lako baadaye. Ilikuwa akiba, siyo bima. Aliyekosa kazi kabisa hakuwamo katika hesabu. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Dar es Salaam watu walisimamishwa barabarani waonyeshe kitambulisho cha kazi, wasio nacho wakapakiwa kwenye magari kwenda kulima. (Mwandishi wa kujitegemea angejieleza vipi pale? Mungu anajua.)

NPF ikawa NSSF kwa sheria ya mwaka 1997. Sasa ikawa bima ya jamii kweli, yenye pensheni na mafao mengine, na mchango wa asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu ya mwajiri na nusu yako. Lakini watu waliendelea kuitazama kwa jicho la NPF: hela yangu, naifuata. Ndiyo maana katikati ya mwaka 2012, yalipotangazwa mabadiliko ya sheria yaliyozuia kujitoa kabla ya umri wa kustaafu, nchi ilichafuka. Wachimbaji wa migodini ndio waliopiga kelele zaidi, na nawaelewa. Mkataba wa mgodini ni wa miaka miwili, mitatu. Unamwambiaje kijana wa miaka 28 asubiri afike 55? Serikali ikarudi nyuma, fao likaendelea kutolewa huku mjadala ukiendelea miaka kadhaa.

Jibu lilikuja mwaka 2018, katika sheria ileile iliyounganisha PPF, PSPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF na kuwaachia NSSF sekta binafsi. Wengi tunakumbuka mwaka huo kwa kelele za kikokotoo. Fao la kukosa ajira lilipita pembeni, nadhani wanahabari hatukulitendea haki. Linasema hivi: ukiachishwa kazi (siyo ukiacha mwenyewe), ukiwa umechangia angalau miezi 18 na hujafika miaka 55, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Ukiwa chini ya miezi 18, unapewa asilimia 50 ya michango yako.

Sasa ndipo ninapoingia mimi. Gazeti moja la Dar es Salaam, nisilitaje, lilinipunguza baada ya miezi 20. Mshahara wangu ulikuwa 450,000. Nikapiga hesabu ndani ya basi la kurudi huku: 150,000 mara sita, laki tisa. Nikakusanya barua ya kuachishwa kazi, kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki, na fomu ambayo mwajiri anatakiwa kujaza na kugonga muhuri. Muhuri huo peke yake ulinigharimu simu zisizohesabika. Halafu dada wa dirishani akageuza karatasi ya michango nione. Miezi iliyofika ni 11. Tisa ilikatwa kwenye mshahara, kwenye hati yangu ya malipo ipo, kwenye mfuko haipo.

Sheria inamtaka mwajiri apeleke michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika, na akichelewa anatozwa adhabu. Nimeandika malalamiko, yanafuatiliwa. Kwa sasa nimehesabiwa kama mwenye miezi 11: michango ya 90,000 kila mwezi inafika 990,000, na nusu yake ni 495,000.

Nilipomwambia baba mdogo, alinyamaza, akauliza, "Nusu nyingine ya nani?"

Nikamweleza kwamba nia ya sheria ni kulinda uzee, kwamba pensheni haijengwi na watu wanaochota kila kazi inapokwisha. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akainua macho kuyatazama mabati yake.

Kesho asubuhi napanda basi la Vwawa kutuma barua ya pili kwa mhasibu wa gazeti. Nimeambatisha hati za malipo za miezi yote tisa.