Utando uliozaliwa kwenye pombe kali

Mwaka 1748 shemasi mmoja wa Kifaransa, Jean-Antoine Nollet, aliyejulikana zaidi kwa majaribio ya umeme kuliko kwa mahubiri, alijaza chupa spiriti, akaifunga mdomo kwa kibofu cha nguruwe na kuizamisha ndani ya maji. Alichotaka ni hewa isiifikie ile spiriti, basi. Baada ya saa chache alikuta kibofu kimevimba na kukaza. Alipokichoma kwa pini, kimiminika kiliruka juu zaidi ya futi moja. Maji yalikuwa yamepenya kuingia kwa wingi, huku spiriti ikishindwa kutoka kwa kasi hiyohiyo.

Historia ya utando wa kuchuja huanzia hapo, yaani kwenye pombe, ingawa sisi tumezoea kulitaja chujio pamoja na maji.

Lakini hakuna mwenye kiwanda aliyeshtuka, kwa sababu kazi ya kutenganisha vimiminika ilikuwa na mwenyewe: moto. Machochwe, wilayani Serengeti, huhitaji profesa akueleze kanuni hiyo. Wapishi wa gongo katika vijiji vya Mara wanaijua kwa mikono. Pombe iliyochachuka huwekwa kwenye pipa na kuchemshwa, mvuke ukapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, na kinachodondoka upande wa pili ndicho kinachouzwa. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, maji nyuzi 100, na biashara yote imesimama juu ya tofauti hiyo ya nyuzi 22. Sheria ya kudhibiti upishi huo ilitungwa mwaka 1966, na hadi leo polisi hawajaacha kumwaga mapipa. Sheria inamtazama mpishi. Mimi hutazama zaidi kuni. Kwa watu wanaoishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako kukata kuni ndani ya mpaka ni kosa, kila chupa ina mzigo wake wa miti uliotoka mahali fulani.

Viwanda vikubwa vya dunia navyo ni wapishi wa aina hiyohiyo, ila mapipa yao yana urefu wa ghorofa. Mwaka 2016 David Sholl na Ryan Lively, wahandisi wa chuo cha Georgia Tech nchini Marekani, waliandika katika jarida la Nature kwamba kutenganisha kemikali, hasa kwa kuchemsha, kunakula asilimia 10 hadi 15 ya nishati yote inayotumika duniani.

Utando wenyewe ulilazimika kusubiri kiu. Miaka ya 1950 serikali ya Marekani ilianza kugharimia utafiti wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, na mwishoni mwa muongo huo Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa chuo cha UCLA, California, wakapata ufumbuzi. Walitengeneza utando wa selulosi asetati wenye ngozi nyembamba sana juu na sponji nene chini. Ngozi inachuja, sponji inaibeba. Tabaka la juu ni jembamba kama lile linaloganda juu ya maziwa yaliyochemshwa, na wembamba huo ndio unaoruhusu maji kupita haraka. Mwaka 1965 mtambo wa aina hiyo uliwashwa katika mji wa Coalinga, California, ukawapa watu maji ya kunywa. Baadaye Mmarekani mwingine, John Cadotte, alibuni ngozi nyembamba zaidi, inayojijenga yenyewe pale vimiminika viwili visivyochanganyika vinapokutana.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikaa miongo kadhaa. Utando wa Loeb na Sourirajan ulitengenezwa kwa kuyeyusha selulosi asetati ndani ya asetoni. Sasa mpe mtu utando huo akachuje asetoni: ataishia na supu. Petroli, thina, toluini, heksani na jamii yote ya viyeyushi vya kikaboni viliachwa kwenye moto.

Tanzania nayo iliingia katika historia hii kwa mlango wa maji. Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alisomea shahada ya uzamivu ya nanoteknolojia Korea Kusini, kisha akawa mhadhiri katika Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha. Chujio lake lina mchanga, na baada ya mchanga kuna nanomateriali zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali husika, iwe floraidi au metali nzito. Mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Wataalamu wakali watasema chujio hilo si utando, kwa kuwa linanasa sumu badala ya kuizuia kwa ukubwa wa tundu. Ni kweli, na mnywaji hajali.

Mkoani Mara ukitaja chujio mtu anafikiria ndoo, na ana sababu. Machi 2022 samaki walikufa katika Mto Mara na maji yakageuka rangi. Kamati ya serikali chini ya Profesa Samwel Manyele, mhandisi wa kemikali, ilitaja vinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza, na ubishi ukawaka nchi nzima.

Viyeyushi vilipata zamu yao mwaka 1998, mjini Beaumont, Texas, kwenye kiwanda cha Mobil cha kusafisha mafuta. Oili ya injini, hiyo tunayomimina kwenye bodaboda, hutolewa nta kwanza, la sivyo itaganda kwenye baridi. Kuitoa, oili huchanganywa na viyeyushi, hupozwa, nta ikachujwa. Kisha viyeyushi huchemshwa ili virudi kutumika tena. Mobil na kampuni ya W. R. Grace waliweka hapo utando wa poliimidi, plastiki isiyoyeyuka humo. Kiyeyushi kilipita, oili yenye molekuli kubwa ikabaki, na sehemu ya uchemshaji haikuhitajika tena.

Baada ya hapo mwendo ukabadilika. Andrew Livingston wa Imperial College, London, aliendelea kuimarisha plastiki hizo zihimili viyeyushi vikali zaidi, na nanomateriali zikaingia kazini. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 2007 kundi la Eric Hoek huko UCLA lilipandikiza chembe za zeolaiti ndani ya ngozi ya utando wa maji. Mwaka 2013 watafiti wa Zaragoza, Hispania, pamoja na Livingston walipandikiza chembe zenye vizimba vidogo vya metali na kaboni, methanoli ikapita kwa kasi zaidi ya mara mbili bila utando kulegea katika kuzuia. Miaka miwili baadaye Livingston na wenzake wakaunda ngozi ya unene usiofika nanomita 10, juu ya kitanda cha nyuzinyuzi za nano ambazo ziliyeyushwa kazi ilipokwisha.

Watafiti wa Manchester, Uingereza, ndio walioirudisha hadithi kwenye chupa. Mwaka 2012 kundi la Rahul Nair na Andre Geim, mshindi wa Nobel kwa kazi ya grafini, liliziba chupa ya vodka kwa utando wa oksaidi ya grafini. Maji yalitoroka, spiriti ikabaki, vodka ikawa kali zaidi siku hadi siku. Mwaka 2017 walichuja wiski kwa utando mwingine, unaopitisha spiriti: rangi ilibaki juu ya utando, spiriti ikashuka nyeupe kama maji. Kabla mtu hajaota kuutumia kusafishia gongo lenye sumu, ajue kwamba molekuli ya methanoli, ambayo ndiyo sumu yenyewe, ni ndogo kuliko ya spiriti ya kunywa. Utando wa namna hiyo utaipitisha.

Teknolojia hii ikitua kwetu, nadhani itaanzia kwenye mafuta ya kula. Pamba ya Serengeti na Bunda ina mbegu, na viwanda vikubwa vya mbegu hukamua kwa heksani, kisha huichemsha iondoke kwenye mafuta. Utando ulijaribiwa kwa kazi hiyo Marekani zaidi ya miaka 30 iliyopita, na mwingi uliharibikia ndani ya heksani. Plastiki za leo zinaihimili. Mwenye kiwanda atauliza kwanza utando utadumu miaka mingapi kabla ya kubadilishwa, kwa sababu maganda ya mbegu anayochoma kwenye boila tayari anayo uani.