Gari la Kihindi kwenye Barabara ya Rhamu

Neno "gari" lenyewe lina asili ya India. Lilivuka bahari pamoja na nguo na mchele, likatua Pwani, kisha likapanda bara. Wasomali nao wanasema gaari. Kwa hivyo pale Rhamu, kando ya mto Daua, kama kilomita 75 magharibi mwa mji wa Mandera, lori likiingia mjini kila mtu analiita karibu kwa neno lile lile: Mgarre, Mdegodia, hata polisi aliyehamishiwa huko kutoka Kakamega na bado anahesabu siku. Na akitajiwa bei ya hilo lori, atatajiwa kwa malaki. Laki pia imetoka India.

Naanza na maneno kwa sababu kwenye meza za chai ninazokaa mimi hapa Nairobi kuna bishano ambalo limekataa kuisha tangu Novemba 2024. Tarehe 26 mwezi huo, kule Chennai, kampuni ya Mahindra ilizindua magari mawili ya umeme. Lile lililowapa watu homa ni dogo kati ya hayo mawili, BE 6e. Ndani ya wiki chache jina likapunguzwa likawa BE 6, maana shirika la ndege la IndiGo lilienda kortini likisema "6E" ni yake. Bei ya kuanzia huko kwao ilikuwa rupia laki 18.9. Betri kubwa ni ya uniti 79, na kwa kipimo cha maabara cha Kihindi gari linapewa zaidi ya kilomita 680 kwa chaji moja. Barabarani toa robo, toa hata theluthi.

Wanaolipenda wanasema hivi: liangalie tu. Linafanana na kitu kilichochorwa na mtoto aliyeambiwa hakuna mtu atakayemkataza. Usukani uko kulia, kama wetu, kwa hivyo hakuna cha kugeuza. Betri ni ya aina ya chuma na fosfeti, na aina hiyo huvumilia joto kuliko nyingi za zamani. Wasiolipenda wanasema: mota iko nyuma tu, magurudumu ya mbele yanasindikiza. Skrini nyingi mno. Na kuna yule mmoja wa kila meza, mara nyingi mwenye umri kidogo, anayeweka kikombe chini na kuuliza swali moja: Mahindra? Ile ya polisi?

Swali hilo ndilo la maana, na halijibiki Nairobi. Lipeleke Rhamu.

Kule kaskazini, gari halikuja kama starehe. Lilikuja kama serikali. Mwaka 1926 wakoloni waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa sheria, na mwaka 1934 wakaongeza nyingine ya kubana zaidi, hata mtu akawa hatoki wala haingii bila kibali. Biashara ilitembea kwa ngamia. Magari mengi kwa mara moja yalionekana wakati wa vita: Desemba 1940 wanajeshi wa Afrika Kusini na wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, waliwavamia Waitaliano pale El Wak, kusini mwa Rhamu, wakiwa na malori na magari ya deraya. (Ukiwahi kwenda Accra ukaona uwanja unaoitwa El-Wak, sasa unajua jina limetoka kaunti ya Mandera. Sisi wenyewe hatuna hata kibanda kwa jina hilo.)

Baada ya vita ikaja Land Rover, iliyozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, na kwa miaka mingi ikiwa inakuja kwa mbali mtu wa kaskazini hakuhitaji kuona ni nani ndani. Ni DC, ni polisi, au ni jeshi. Wakati wa vita vya shifta, 1963 hadi 1967, barabara zilitegwa mabomu ya ardhini, na gari likawa kitu cha kuogopa hata kwa aliyekaa ndani yake. Amri za hali ya hatari ziliendelea kuwakalia watu wa mkoa huo hadi 1991. Juni 1977, vita vya Ogaden vikikaribia kuanza, wanajeshi wa Somalia walivuka mpaka wakaishambulia Rhamu yenyewe wakiwa njiani kuingia Ethiopia. Mji mdogo, lakini kila jeshi linajua uko wapi.

Hebu mweke sasa dereva wa Rhamu kwenye ile meza ya Nairobi. Sisi tunauliza gari linatoka sifuri hadi mia kwa sekunde ngapi. Yeye ana swali moja tu: litarudi? Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na Al-Shabaab na abiria 28 wakauawa. Desemba 2015 basi lingine lilisimamishwa karibu na El Wak, na safari hiyo abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Magari ya polisi yamelipuliwa kwenye njia hizo mara nyingi. Kwa hivyo gari linalozimika katikati ya safari halikupotezei muda tu. Ukiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa kiti cha nyuma, au ukiwa umebeba walimu wanaorudi likizo, mahali gari linapozimikia ndipo mambo yote yanapoamuliwa.

Hapo ndipo Mahindra ya polisi inapoingia.

Kampuni yenyewe ina historia tamu. Ilianzishwa 1945 kama biashara ya chuma, ikaitwa Mahindra & Mohammed. India ilipogawanywa, Ghulam Mohammed akaenda Pakistan akawa waziri wa kwanza wa fedha, na jina likabadilishwa kuwa Mahindra & Mahindra. Kufikia 1947 walikuwa wameanza kuunganisha jeep za Willys, zile zile za jeshi la Marekani. Kwa miongo mingi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao: jeep na trekta, chuma kizito, sura ngumu, hakuna urembo. Kwa maandishi, hilo ni gari la Mandera kabisa.

Miaka ya tisini serikali ya Kenya ikawanunulia polisi jeep hizo. Karibu 1,000, kila moja karibu shilingi milioni moja. Halafu zikaanza kulala. Baada ya miaka michache ni chache mno zilizobaki kazini, na ununuzi huo ukaingia kwenye orodha ndefu ya mikataba ambayo Wakenya huisoma kama rozari wakihesabu pesa zilizopotea. Mimi siamini kasoro ilikuwa kwenye chuma peke yake. Jeep ile ile India ilikuwa inapanda milima na kubeba vijiji vizima. Tofauti ni kwamba kule ilikuwa ya mtu. Mwenyewe alikuwa anaijua sauti yake, na fundi wa mtaa alikuwa na spea kwenye kopo la maziwa. Huku ilikuwa ya tenda. Gari la tenda likikohoa, linasubiri barua. Barua inasubiri sahihi. Na kituo cha polisi kilicho zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi kinasubiri kuliko vyote.

Lakini jina likachafuka, na hadi leo kwa watu wa umri fulani "Mahindra" ni kichekesho kabla hujamaliza kulitamka.

Sasa sikiliza upande wa pili wa hadithi, ambao wazee wa meza ya chai huusahau kabisa. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa thamani kwenye pikipiki ndogo, na Kenya ikajaa bodaboda. Pikipiki iliyoshinda zote ni Boxer, ya Bajaj, kampuni ya Kihindi. Ikafuata miguu mitatu: Bajaj, TVS, Piaggio iliyotengenezwa India. Sisi tunaiita tuktuk. Ng'ambo ya mpaka, Somalia na Ethiopia, na hata Tanzania, jina la kampuni limekuwa jina la kitu: bajaji. Hakuna waziri aliyesimama kukata utepe. Hakuna tenda. Kijana aliuza mbuzi kadhaa, akakopa kwa ndugu, akanunua, na ilipoharibika aliifungua chini ya mti kwa spana mbili na nyundo.

Kwa hiyo mtu akiniambia magari ya Kihindi yalishindwa kaskazini, namuuliza amefikaje huko kutoka stendi hadi lojing'i. Mashine ya Kihindi iliyoletwa na serikali ilikufa. Ile iliyoletwa na mwenye shida inabeba maji, miraa, wagonjwa na maharusi hadi leo. BE 6 itaangukia upande upi?

Wengi wangecheka hapo. Gari la stima Rhamu! Stima ipi? Rhamu haijaungwa kwenye gridi ya taifa. Ina kituo chake kidogo cha umeme cha kuchoma dizeli, kama ilivyo El Wak na Takaba, na dizeli yenyewe inaletwa kwa lori. Kuna utani mzuri hapo: unanunua gari lisilotumia mafuta, kisha unalichaji kwa mafuta.

Ila nilikaa nikapiga hesabu, na hesabu ikakataa kucheka nami. Jenereta kubwa ya dizeli hutoa kama uniti tatu hadi nne kwa lita. Kujaza betri ya uniti 79 kunakula lita 20 hadi 26. Tuseme 25. Kwa chaji hiyo, kwenye lami, gari kama hili litakwenda kilomita 400 na kitu. Chukua lita 25 hizo hizo uziweke kwenye Land Cruiser pikapu ya dizeli, ile tunayoisujudia: ikiwa na mzigo, kilomita nane kwa lita, utafika 200. Yaani hata ukilichaji kwa moshi, gari la betri linaishinda pikapu zaidi ya mara mbili. Kwenye mchanga na mawe hesabu itashuka, na BE 6 haijaumbwa kubeba magunia. Bado. Wanaocheka wapige hesabu kwanza.

Na jua? Hilo halihitaji hesabu. Kama kuna kitu Mandera inacho cha kugawa na kubaki nacho, ni jua. Tayari paneli zinachaji simu na kuvuta maji ya visima.

Kinachonipa wasiwasi mimi ni kilicho chini ya boneti. Wapenzi wa gari la betri wanapenda kusema halina vitu vya kuharibika: hakuna mkanda, hakuna nozeli za kuziba kwa dizeli chafu. Ni kweli, na kwa Rhamu hiyo si faida ndogo, maana nozeli iliyoziba imewalaza wengi porini. Lakini kilichobaki kinasikiliza kompyuta. Boxer ikikataa, unagombana nayo mpaka inakubali. Gari la namna hii likikataa, linakuandikia kwenye skrini kwamba uende kwa fundi aliyeidhinishwa. Fundi aliyeidhinishwa yuko wapi? Kwa BE 6, hata Nairobi ningesita kukuelekeza. Hapo tunarudi kule kule kwenye jeep ya tenda: gari linasubiri barua, safari hii barua ya kidijitali.

Wengine watasema basi chukua Tata. Juni 2025 Tata walizindua Harrier ya umeme yenye mota mbele na nyuma, magurudumu yote manne yanavuta. Hapo sawa, ile ya mchanga ni hiyo. Na jina la Tata halina doa la Mahindra. Madereva wa malori na mabasi wanalijua. Lakini swali la fundi linabaki pale pale, limevaa nembo nyingine tu.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Rhamu huenda ikaona magari ya betri kabla ya miji mingi inayojiona mbele, na yasitoke India wala Nairobi. Januari 2024 Ethiopia ilitangaza kupiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli. Ethiopia hiyo haiko mbali. Ni ng'ambo ya Daua, na kiangazi kikikaza maji ya mto huo hupungua hadi mtu anavuka kwa miguu. Wana umeme wa mabwawa, na bwawa lao kubwa la Mto Nile lilizinduliwa Septemba 2025. Tangu 2022 Kenya inanunua umeme wao kupitia waya wa zaidi ya kilomita 1,000 unaoshuka hadi Suswa. Waya huo unapita mbali kabisa na Mandera. Yaani stima inatoka kwa jirani wa Rhamu, inasafiri hadi Bonde la Ufa kuwasha taa za watu wengine, na Rhamu inaendelea kusubiri lori la dizeli.

Magari yanayoingia Ethiopia sasa mengi ni ya Wachina. Usukani uko kushoto, maana wenzetu wanaendesha upande wa kulia. Kwa dereva wa Rhamu hilo si tatizo kubwa. Kwenye barabara ya mchanga upande unaochagua ni ule usio na shimo. Akivuka na kuona mwenzake wa ng'ambo analo gari ambalo halijanunua mafuta mwezi mzima, na kuna kijana pale pale anayejua kulifungua, hatauliza limetoka nchi gani. Ataomba kuona betri, halafu atauliza spea zinauzwa wapi.