Gari Kuukuu, Injini Nyingine: Habari za Land Rover katika Milima ya Uluguru

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu yake. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya injini. Tutajiuliza swali moja: imekuwaje gari lililoundwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita bado lipande milima ya Uluguru, hali injini yake ya kwanza ilikufa zamani?

MLIMA NA MZIGO

Mji wa Morogoro umekaa chini ya mlima, kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya mji milima huinuka sana, na kilele cha Kimhandu hupita mita 2,600. Gari la moshi lilifika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1907, lakini reli haikupanda mlimani. Watu wa Mgeta, Matombo na Kinole waliendelea kushusha mazao yao kichwani, kwa njia za miguu.

Huko Mgeta hustawi kabichi, karoti, njegere na viazi. Ninyi wakulima mnajua kwamba kabichi haimngoji mtu. Ikichelewa njiani hunyauka, na mnunuzi hushusha bei. Kwa hiyo gari linaloweza kupanda mpaka Nyandira na kurudi sokoni si anasa. Likisimama wiki mbili, jasho la msimu mzima huoza shambani.

GARI LENYEWE

Katika Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walitumia gari dogo liitwalo Jeep. Injini yake iliweza kuzungusha magurudumu yote manne, si mawili tu. Baada ya vita, Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep moja kuukuu shambani kwake. Akaona ni heri kampuni yake iunde gari la namna hiyo kwa wakulima.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, maana chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Injini yake ilikuwa ndogo, lita 1.6. Mwaka wa 1958 ikaja injini ya petroli ya lita mbili na robo, na mwaka wa 1961 ya dizeli ya ukubwa huohuo. Kumbukeni jambo hili: injini hizo mbili zilikaa mahali palepale ndani ya gari. Aliyekosa ya dizeli aliweza kutia ya petroli bila taabu kubwa. Gari lilifungwa kwa bolti na nati, likafunguka kwa spana. Mtu mwenye akili na zana chache aliweza kulifungua lote chini ya mwembe.

INJINI HUCHAKAA VIPI?

Ndani ya injini mna mashimo ya mviringo yaitwayo silinda. Ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka, mara maelfu kwa dakika chache. Pistoni imevikwa ringi za chuma ili moto usipite chini na oili isipite juu.

Adui wa kwanza ni vumbi. Land Rover za zamani zilikuwa na kikombe cha oili cha kunasa vumbi la hewa inayoingia. Dereva asipokiosha, vumbi huingia ndani. Vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa, nao hula silinda usiku na mchana.

Adui wa pili ni joto. Mlimani gari hupanda kwa gia ndogo. Injini huzunguka upesi, lakini gari huenda polepole, hata upepo haupiti vya kutosha kwenye rejeta. Maji yakipungua na dereva asitazame, silinda hedi hupinda au hupasuka.

Dalili mnazijua: moshi wa buluu, oili kupungua kila siku, na nguvu kwisha. Mwisho abiria huambiwa washuke wasukume.

Wala msidhani mashine hufa milimani tu. Mwaka wa 1947, huko Kongwa, upande wa Dodoma, serikali ya Kiingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga. Yakaletwa matrekta mengi yaliyokwisha kutumika katika vita. Ardhi ilikuwa ngumu, vipuri vilikuwa haba, na mafundi hawakutosha. Matrekta mengi yalisimama mwaka uleule, na mwaka wa 1951 mpango wenyewe ukaachwa. Fedha zilikuwapo na mashine zilikuwapo. Kimoja kati ya vilivyokosekana ni mkono wa kuzitunza.

MIAKA YA DHIKI

Mwaka wa 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hata mwaka wa 1983. Huko Kenya, mjini Thika, kilikuwako kiwanda cha kuunganisha Land Rover. Kisha, mwaka wa 1978 na 1979, tukapigana na Idi Amin. Fedha za kigeni zikawa adimu. Injini mpya ikawa kama ndoto, na hata ringi za pistoni zilitafutwa kwa shida.

Hapo ndipo kazi ya fundi ilipoonekana. Silinda ikiliwa haiwi tena ya mviringo kamili. Fundi mzuri hakutia ringi mpya tu. Alipima kwanza, kisha silinda ikachongwa kidogo mpaka ikawa mviringo tena, ikatiwa pistoni kubwa zaidi. Pistoni hiyo imeandikwa namba, kama 20 au 40.

Namba hiyo maana yake nini? Gawanya inchi moja katika sehemu 1,000 zilizo sawa. Chukua 20 tu. Hiyo ni kama nusu ya milimita. Arobaini ni kama milimita moja. Silinda ikiisha kuchongwa mara ya mwisho, hutiwa slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani ya shimo, na kazi huanza upya. Krenki nayo husagwa ikawa nyembamba kidogo, kisha hutiwa beringi nene zaidi.

Fundi asiyepima hutia ringi mpya katika silinda iliyopanuka. Ni kama kuezeka bati jipya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa. Kwa wiki chache gari hupanda vizuri, kisha moshi hurudi, na fedha ya mwenye gari imekwenda bure.

INJINI YA KIJAPANI

Mwaka wa 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa nchini. Baadaye yakaja kwa wingi magari na injini zilizotumika kutoka Japani. Wenye Land Rover wakaanza kutia injini za dizeli za Toyota, Nissan na Isuzu. Zilipatikana, na vipuri vyake vilikuwa madukani.

Lakini injini ya kigeni haiingii kama mguu katika kiatu chake. Matundu ya bolti hayalingani na giaboksi ya Land Rover, basi huchongwa bamba la chuma la kuziunganisha. Bamba hilo likikaa upande hata kidogo, klachi na beringi hufa mapema. Vishikizo vya injini huchomelewa upya. Rejeta lazima itoshe. Na namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Injini ikibadilishwa, kadi nayo irekebishwe.

Liko jambo kubwa kuliko hayo. Injini yenye nguvu haiongezi breki. Gari likipewa injini kubwa, mwenyewe huongeza magunia, na watu hukaa juu ya magunia. Kupanda litapanda. Kushuka je? Breki ni zile za zamani, korongo liko kando ya barabara, na mvua imefanya udongo uteleze. Anayebadili injini bila kutengeneza breki amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni roho za watu.

TUJIFUNZE NINI?

Bloku ikiwa nzima, na pistoni za kipimo chake zikapatikana, heri kuifufua injini ya asili, kwa sababu kila kitu kinalingana. Bloku ikiwa imepasuka, au imekwisha kuchongwa na kutiwa slivu mara nyingi, injini nyingine ni halali, mradi kazi yote ikamilike.

Basi jibu la swali letu ni hili. Land Rover iliishi kwa sababu iliundwa ifunguke, na kwa sababu walikuwako watu walioweza kupima, kusoma namba na kuandika. Mwenye gari, weka daftari: tarehe ya kubadili oili, tarehe ya kuosha kikombe cha vumbi, kipimo cha pistoni zilizotiwa. Fundi wa kesho atakushukuru.

MANENO YA KUJIFUNZA

Bloku: kipande kikubwa cha injini chenye silinda.
Krenki: chuma kinachogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko.
Rejeta: chombo cha kupoza maji ya injini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini injini huchoka upesi zaidi mlimani kuliko bondeni?
2. Pistoni iliyoandikwa 40 imezidi ile ya kwanza kwa kiasi gani?
3. Kijijini kwenu, gari la mazao likisimama wiki mbili, nani hupata hasara, na hasara gani?
4. Fundi anakuambia, “Tia ringi tu, itatosha.” Utamwuliza nini kabla ya kutoa fedha?

Kwaherini mpaka somo lijalo.