Wodi Kabla ya Maabara: Wanawake na Kazi za Sayansi katika Nyanda za Kati

Nyanda za kati za Tanzania, yaani Ugogo pamoja na Mpwapwa na Kondoa, hutajwa zaidi kwa ukame na njaa, ingawa zilipata taasisi za utafiti mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Wajerumani walianzisha maabara ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905, na katika miaka ya 1920 Waingereza waliyaweka Dodoma makao ya idara ya jiolojia, taaluma inayochunguza miamba na madini. Kazi za taasisi hizo mbili zilihesabiwa tangu mwanzo kuwa za wanaume, na mwanamke wa nyanda hizi, aliyelima karibu kabisa na kuta za taasisi hizo, aliingia katika ajira ya kisayansi kwa mlango mwingine, ule wa wodi ya wazazi.

Haiwezi kusemwa kwamba alikosa maarifa. Katika uchumi wa Ugogo ni mwanamke aliyelima mtama na uwele, nafaka zinazostahimili mvua haba, akatenga mbegu za msimu uliofuata, akakausha mboga za masika ili zitumike kiangazi, na hakuna sababu ya kuuita ujuzi huo jina dogo kuliko sayansi ya kilimo kwa kuwa tu haukuandikwa. Wala mgawanyo wa kazi kati ya jinsia mbili haukuwa amri ya maumbile, kwani Ugogo huohuo una ngoma ya muheme, ambayo wapigaji wake ni wanawake, jambo ambalo jamii nyingi za Afrika Mashariki zingelihesabu kuwa kinyume cha desturi.

Kilichoamua ni mali na shule. Ng'ombe walikuwa utajiri uliosimamiwa na wanaume, na kwa hiyo maabara iliyotibu ng'ombe ilizungumza na wanaume. Wasaidizi wake walitakiwa kuwa na elimu ya shule, na serikali ya kikoloni iliwasomesha wavulana wengi kuliko wasichana, ambao mafunzo yao yalielekezwa kwenye ushoni, mapishi na malezi. Hospitali za misheni zilikuwa na hitaji tofauti. Huko Mvumi, kusini mashariki ya mji wa Dodoma, Waanglikana wa shirika la kimisheni la CMS (Church Missionary Society) kutoka Australia waliendesha hospitali ambamo wasichana wa Kiafrika walifunzwa uuguzi na ukunga, kwa kuwa uzazi, kwa mila ya wenyeji, ulikuwa jambo la wanawake. Hivyo desturi ileile iliyowaweka wanawake mbali na maabara ndiyo iliyowapa nafasi wodini, ambako walijifunza kupima joto la mwili, kuchemsha vyombo ili kuua vijidudu na kuandika kumbukumbu za mgonjwa. Vitabu vya historia huiweka kazi hiyo katika sura ya huruma za kimisheni, na huko ni kuikosea, kwa sababu ilikuwa kazi ya vipimo na ushahidi.

Mwanamke mtafiti aliyeacha alama kubwa zaidi katika nyanda hizi enzi za ukoloni alikuwa mgeni. Mwaka 1951 Mary Leakey, mwanaakiolojia Mwingereza asiyekuwa na shahada ya chuo kikuu, alifanya kazi Kondoa akinakili michoro ya kale ya miambani, na matokeo yake yakachapishwa kama kitabu mwaka 1983; michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Inafaa kukumbukwa kwamba kukosa shahada hakukumzuia yeye, ilhali msichana wa Kondoa wa wakati huo aliyekosa shule hakuwa na njia ya kukikwepa kikwazo hicho.

Baada ya uhuru sera ziliwavuta wanawake huku na huku. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliwataka wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuomba nafasi ya chuo kikuu, na kwa kuwa miaka hiyo ya kusubiri ndiyo ya kuolewa na kuzaa, idadi ya wanawake chuoni ilishuka, hata wakaondolewa sharti hilo mwaka 1976. Shule ya wasichana ya Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ikawa mojawapo ya shule za serikali za wanafunzi wenye vipaji maalumu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2007 na baadaye kuwa na ndaki, yaani kitengo kikuu cha taaluma, ya kompyuta na elimu angavu, ile inayotolewa kwa mtandao, masomo hayo yalifika umbali wa daladala kutoka vijiji ambavyo mabinti zake walikuwa wamezoea kwenda mbali kuyatafuta, kama walikwenda kabisa.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa kuliko vyote hakikuwa umbali. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, awe bora kiasi gani katika fizikia au hesabu, na aliyempa mimba, kama alikuwa mwanafunzi, mara nyingi aliendelea na masomo yake. Serikali ilitangaza mwishoni mwa Novemba 2021, kupitia waziri wa elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi darasani katika mfumo rasmi baada ya kujifungua.