Fomu 34A: Mtandao ulivyompa raia uwezo wa kuhesabu kura

KWA miaka mingi, kazi ya mpigakura wa Kenya ilikwisha pale alipotumbukiza karatasi yake sandukuni. Hesabu iliyofuata ilikuwa ya wakubwa, naye alibaki kando ya redio akingoja kuambiwa. Siri ya mtungi, walinena wahenga, aijuaye ni kata.

Siri hiyo ililigharimu taifa. Desemba 30, 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa jijini Nairobi, raia wa kawaida hakuwa na njia ya kulinganisha jumla aliyosomewa na hesabu za vituoni. Ghasia zilizofuata ziliangamiza zaidi ya watu 1,100, na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilihitimisha mwaka 2008 kwamba uchaguzi ule ulivurugika kiasi kwamba haikuwezekana kumbaini mshindi wa kweli.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka msingi mpya. Kifungu cha 86 chaagiza kwamba mfumo wa kupiga kura uwe rahisi, sahihi, salama, wenye uwazi na unaoweza kuthibitishwa. Hapo ndipo mitambo ya kielektroniki ilipotegemewa, lakini haikuwa dawa ya papo hapo. Mwaka 2013, vifaa vya kupeperusha matokeo vilikwama. Mwaka 2017, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilisema kwamba zaidi ya vituo 11,000 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa 3G. Septemba 1 mwaka huo, Mahakama ya Juu ilifutilia mbali uchaguzi wa urais. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba matokeo yalitangazwa kabla ya Fomu 34A zote kupokewa, na tume haikufungua seva zake zikaguliwe jinsi mahakama ilivyoamuru.

Je, Fomu 34A ni kitu gani? Ni karatasi ambayo afisa msimamizi wa kituo huijaza baada ya kura za urais kuhesabiwa mbele ya mawakala wa wagombea, nao mawakala huitia saini. Kisha afisa huipiga picha kwa kifaa cha KIEMS na kuituma kwa mtandao. Nakala halisi husafirishwa hadi kituo cha kujumlisha kura cha eneobunge, na baadaye hadi kituo cha kitaifa, ambako hulinganishwa na picha iliyotangulia.

Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, IEBC ilichukua hatua kubwa ya uwazi. Picha za fomu kutoka vituo 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti iliyo wazi kwa yeyote. Mwanafunzi aliyekuwa na simu Kisumu aliweza kusoma hesabu ya kituo cha Garissa. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha vyenyewe, na kila kimoja kikawa na jumla yake.

Hatua hiyo ilibadilisha pia mbinu za wanasiasa. Madai ya wizi hayakuweza tena kusimama kwa maneno matupu, kwa kuwa anayelalamika huulizwa ni kituo gani na ni fomu ipi. Agosti 15, makamishna wanne walipoyakana matokeo yaliyompa William Ruto kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga, ubishi ulielekezwa mahakamani. Septemba 5, majaji wote saba waliidhinisha matokeo hayo.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba tovuti ndiyo iliyoleta imani. Picha haiwezi kuwa na ukweli kuliko karatasi iliyopigwa. Wakala akinunuliwa, au asipofika kituoni, mtandao utaupeperusha uongo kwa kasi ile ile unayoupeperushia ukweli. Isitoshe, kuona si kujumlisha. Siku zile za Agosti, jumla zilizotofautiana kwenye runinga ziliwatia wananchi wasiwasi, ijapokuwa zote zilitokana na fomu zile zile, kwa sababu kila kituo cha habari kilizijaza kwa mpangilio na kasi yake.

Uchaguzi Mkuu wa 2027 umepangwa kufanyika Agosti 10. Vyama vitakavyojiandaa vyema ni vile vitakavyokuwa na wakala mwaminifu katika kila kituo, kwani ngome ya kura i pale karatasi inapotiwa saini. Kwa upande wake, tume haina budi kuiacha tovuti wazi na kukubali mitambo yake ikaguliwe. Raia aliyekwisha kuonja haki ya kujihesabia hatakubali kurudishwa kando ya redio angoje kuambiwa.