Chuku, Ruba na Lanseti: Istilahi za Utabibu wa Kale

Kila wanapokutana na habari za utabibu wa kale wa Ulaya, wafasiri wetu huandika "kutoa damu", wakapita. Kwa bahati mbaya, maneno hayo yamekwisha kupata maana nyingine: kujitolea damu hospitalini ili kumwokoa mgonjwa. Msomaji akiambiwa kwamba mtu fulani "alitoa damu", hawezi kujua kama mtu huyo alikuwa mfadhili au mgonjwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza vyombo vya kazi hiyo, na kuonyesha kwamba kila kimoja chastahili jina lake.

Wafuasi wa Hippocrates katika Uyunani ya kale waliamini kwamba afya ni mizani ya majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Damu ikizidi, sharti ipunguzwe. Galen aliikazia imani hiyo katika karne ya 2, na huko Hispania al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, alivieleza vyombo vya upasuaji na kuvichora.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kupasua mshipa. Mkono ulifungwa kwa kitambaa, mshipa wa kiwiko ukapasuliwa kwa lanseti, yaani kijisu chenye ncha na makali pande mbili, na damu ikakingwa kwa bakuli. Farasi na ng'ombe walikuwa na kisu chao kipana zaidi. Kiliwekwa juu ya mshipa wa shingo, kikagongwa kwa kirungu kifupi. Lanseti ilisifika hata jarida la utabibu lililoanzishwa London mwaka 1823 likaitwa kwa jina lake.

Njia ya pili ni kuumika. Tabibu wa Ulaya alitumia kisanduku cha shaba chenye nyembe kadhaa na kamani. Kamani ikifyatuka, nyembe zote huchanja ngozi kwa mara moja. Kisha alibandika kikombe cha kioo kilichopashwa moto, nacho kikipoa huvuta damu. Hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa. Mwumikaji wa kwetu alichanja kwa wembe, akabandika chuku ya pembe ya ng'ombe, akafyonza hewa kwa kinywa na kuziba tundu kwa nta. Leo wengi wanaijua chuku kwa maana ya kutia chumvi maneno tu. Maana hiyo ni halali, lakini isiifukuze ile ya kwanza.

Njia ya tatu ni kubandika ruba. Mwaka 1833 Ufaransa pekee iliagiza kutoka nje ruba zaidi ya milioni 40.

Tiba hiyo ilidhuru wengi. George Washington alipougua koo Desemba 1799, alipasuliwa mshipa mara kadhaa kwa muda wa saa chache. Yakadiriwa kwamba alipoteza zaidi ya lita 2 za damu, na usiku wa tarehe 14 akafariki. Mwaka 1835, huko Paris, Pierre Louis alichapisha hesabu zake juu ya wagonjwa, miongoni mwao 77 wa kichomi, akaonyesha kwamba faida ya tiba hiyo ilikuwa ndogo mno kuliko ilivyodhaniwa. Polepole desturi ikafifia.

Hata hivyo haikufa kabisa. Mwenye madini ya chuma kupita kiasi mwilini bado hupunguzwa damu, na mwaka 2004 Marekani iliidhinisha ruba watumiwe hospitalini. Lanseti nayo imekuwa kisindano cha kutobolea kidole ili lipatikane tone la kupimia malaria au sukari. Mfasiri akikiita hicho "kisu cha kutolea damu", mgonjwa atakikimbia kipimo, na kosa litakuwa la kalamu.

Kwa hiyo twapendekeza: "kuchangia damu" kwa mfadhili, "kupunguza damu" kwa tiba yenyewe kwa jumla, "kupasua mshipa", "kuumika" na "kubandika ruba" kwa njia zake tatu, "chuku" kwa pembe au kikombe, na "lanseti" kwa kijisu cha kale, "lanseti ya kidole" kwa kisindano cha leo. Walimu na maofisa wakizishika tofauti hizi, historia itasomeka na mgonjwa hatatishika bure.