Wanyama wa Vyuma Chakavu: Sanaa ya Kando ya Barabara na Sheria Inayoihusu

Kando ya baadhi ya barabara za Nairobi, msafiri hukutana na twiga, ndovu, ngiri na kanga waliosimama kimya juani na mvuani. Hizo ni sanamu zilizoundwa kwa vyuma chakavu na mafundi wa jua kali, na baadhi yazo hulingana kwa kimo na mnyama halisi. Miongoni mwa wasanii waliotangulia kuipa kazi hii heshima ni Kioko Mwitiki, anayejulikana kwa sanamu zake kubwa za wanyamapori.

Malighafi kuu ni mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi. Fundi huunda kwanza kiunzi cha nondo, kisha hukata pipa kwa patasi na nyundo, hunyoosha bati lake na kulichomelea kipande baada ya kipande. Mnyororo wa baiskeli huweza kuwa nywele za shingoni, springi ya gari ikawa mkia, na spana kuukuu zikawa pembe za ngiri. Hatimaye sanamu husuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa rangi au vanishi ili kuchelewesha kutu.

Hata hivyo, uzuri wa sanamu hautoshi. Asili ya chuma chake pia ni muhimu. Mnamo Januari 11, 2022, milingoti ya njia ya umeme ya Kiambere–Embakasi ilianguka na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Uharibifu wa makusudi wa milingoti ulitajwa kuwa chanzo. Siku chache baadaye Serikali ilisitisha biashara ya vyuma chakavu, na marufuku hiyo ikaondolewa baadaye mwaka huo kwa masharti. Katika kipindi hicho, hata fundi mwaminifu hakuwa na njia halali ya kununua malighafi sokoni. Kosa la waharibifu likawa hasara yake.

Biashara hii inasimamiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, iliyounda Baraza la Vyuma Chakavu na kuweka sharti la leseni kwa wafanyabiashara. Kwa msanii, kinga iliyo bora ni kununua kwa mfanyabiashara mwenye leseni na kuhifadhi stakabadhi za kila ununuzi. Mnunuzi wa sanamu naye ana haki ya kuuliza chuma kilikotoka.

Pipa lililotoboka na mnyororo uliokatika ni vyuma chakavu. Kipande cha mlingoti wa umeme, reli, kifuniko cha shimo la majitaka na alama ya barabarani ni mali ya umma, na havibadiliki kuwa halali kwa kuchomelewa umbo la twiga.